Kabla Sista Hajarudi Ushago: Jinsi ya Kugeuza Uzoefu wa Wauguzi Wastaafu Kuwa Somo

Kuna mtindo mmoja wa kumwalika muuguzi mstaafu chuoni. Tarehe 12 Mei ikifika, Siku ya Wauguzi Duniani, anapewa maikrofoni na kuongea dakika arobaini kuhusu wito na nidhamu. Anapigiwa makofi, anapewa soda na leso, halafu anatafutiwa gari la kumrudisha Buruburu. Wanafunzi wanabaki na picha kwenye simu. Maarifa aliyokuja nayo ameondoka nayo.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa uuguzi au msimamizi wa wodi hapa Nairobi anayetaka kitu cha kufundishia, achana na sherehe. Tatizo la muuguzi mkongwe ni kwamba anajua mambo mengi asiyoweza kuyataja akiulizwa ghafla. Patricia Benner, msomi wa uuguzi wa Marekani, alieleza miaka ya 1980 ngazi tano anazopitia muuguzi, kuanzia mgeni wa kazi hadi bingwa, na akaonyesha kuwa bingwa hafuati tena orodha ya kanuni kichwani: anaiona hali nzima kwa mara moja. Mwaka 1993, Beth Crandall na mwenzake walichapisha utafiti juu ya wauguzi wa watoto njiti ambao walikuwa wakitambua maambukizi ya damu kabla ya majibu ya maabara. Walipoulizwa walijuaje, walisema wamejua tu. Walipopitishwa tukio moja hatua kwa hatua, dalili zikaanza kutoka moja baada ya nyingine, na baadhi yake hazikuwamo katika vitabu vya wakati huo. Hiyo ndiyo kazi tunayoifanya hapa, kwa vifaa vichache: kiti, daftari na saa mbili za mtu.

1. Anza na kinachowashinda wanafunzi

Usianze na mtu. Ukianza na mtu utaishia kusikiliza historia ya maisha yake, nzuri sana, lakini huna pa kuiweka kwenye ratiba. Fungua kwanza ripoti za mazoezi ya wodini na matokeo ya mitihani ya vitendo, uone wanafunzi wanaanguka wapi. Mara nyingi utakuta mambo yaleyale: kukabidhi zamu, kuhesabu matone ya dripu pale ambapo hakuna mashine, kumtambua mama anayevuja damu polepole, kuongea na jamaa wa mgonjwa aliyefariki usiku. Chagua moja. Moja tu.

Ukishalichagua, utajua unamtafuta nani. Sista wa chumba cha upasuaji hatakusaidia kwa kuvuja damu baada ya kujifungua, na mkunga wa miaka thelathini hatakusaidia sana kwa majeraha ya moto.

2. Mtafute kabla hajafunga virago

Umri wa kustaafu katika utumishi wa umma ulipandishwa mwaka 2009 kutoka miaka 55 hadi 60. Kwa hiyo wengi wanaotoka kazini miaka hii waliingia wodini miaka ya 1980. Hebu fikiria walichopitia. Mgonjwa wa kwanza wa ukimwi kurekodiwa Kenya ni wa 1984. Ugonjwa ukatangazwa janga la taifa mwaka 1999. Kwa hiyo kuna wauguzi waliotunza wagonjwa hao miaka mingi pasipo dawa za kupunguza makali, wakiwa na maji, sabuni na maneno tu. Tarehe 7 Agosti 1998 walipokea majeruhi wa bomu la ubalozi wa Marekani, wengi wakiwa wameumia macho na nyuso, kwa sababu watu walikimbilia dirishani waliposikia mlipuko mdogo wa kwanza, na vioo vikawakuta hapo. Mwaka 2013 afya ikahamia kaunti. Mwaka 2020 ikaja korona.

Wengi wakistaafu wanaondoka mjini: Murang'a, Machakos, Vihiga, Siaya. Kwa hiyo usisubiri sherehe ya kuagwa. Nenda kwa ofisi ya uuguzi ya hospitali mnayofanyia mazoezi, uulize nani anatoka mwaka huu. Mtu aliye bado kazini ni rahisi kumpata, na kumbukumbu zake hazijapoa. Waliokwisha kutoka utawapata mitaani: katika vyama vya akina mama, makanisani na misikitini, na katika zahanati ndogo za Kayole, Umoja na Kawangware ambako wengine wameajiriwa au wamefungua zao wenyewe.

Sasa neno langu ambalo si kila mtu atalipenda. Usikimbilie matroni, yaani mkuu wa wauguzi. Matroni anaheshimika, anaongea vizuri, na jina lake linapendeza kwenye bango, lakini huenda miaka kumi ya mwisho aliimaliza ofisini akipanga zamu na kuhudhuria mikutano. Muuguzi wa cheti aliyefanya zamu za usiku mpaka siku ya mwisho ana mengi zaidi ya kukupa kuhusu kitanda cha mgonjwa, na kwa kawaida hakuna aliyewahi kumuuliza chochote.

3. Mwombe kwa heshima, na useme habari ya pesa mapema

Piga simu. Ujumbe uliotumwa kwenye kundi la WhatsApp hauhesabiki kuwa mwaliko. Mwite Sista hata kama amestaafu muda mrefu. Cheo hicho hakistaafu. Mweleze mada moja, saa mbili, mahali na tarehe. Kisha taja nauli, chakula cha mchana na malipo, kwa kiasi. Ile kauli ya "tutakuona, Sista" imewachosha wazee wetu. Kama chuo hakina bajeti, sema wazi kwamba ni kujitolea, aamue mwenyewe.

Panga saa nne asubuhi. Mtu anayetoka Rongai kufika eneo la Hospitali ya Kenyatta saa mbili atakuwa ameamka alfajiri na kukaa kwenye foleni ya Lang'ata Road, na atakapoketi mbele yako atakuwa amechoka. Mwandikie pia barua ya kuingilia langoni. Haipendezi mtu aliyefanya kazi mahali fulani maisha yake yote asimamishwe getini na bawabu kijana aulizwe anaenda wapi.

Suala la leseni litatue sasa hivi. Muuguzi asiye na leseni halali ya Baraza la Wauguzi la Kenya hagusi mgonjwa, hata kama ndiye aliyekufundisha wewe. Anaweza kusimulia, kusahihisha katika chumba cha mazoezi na kuuliza maswali darasani. Mwambie hivyo kwa simu, kwa upole, ili asije akavaa glavu wodini ukalazimika kumzuia mbele ya wanafunzi.

4. Muulize tukio, usimuulize nasaha

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Ukiuliza "Sista, una ushauri gani kwa vijana?" utapata hotuba ya vijana wa siku hizi na simu zao. Uliza badala yake: "Nikumbushe mgonjwa mmoja ambaye wewe uliona kuna shida kabla ya wengine." Mwache asimulie mara ya kwanza bila kumkatiza. Kisha rudi naye mwanzo, polepole, ukiuliza alisimama wapi, alishika nini, aliona nini kwanza, alidhani ni nini, na mwanafunzi angeona nini pale pale.

Yakienda vizuri husikika hivi. Mfano huu nimeutunga, lakini visa vya aina hii wakunga wanavyo kwa wingi.

"Uliingia zamu saa ngapi, Sista?"

"Saa moja unusu. Tulikuwa wawili, mimi na mwanafunzi, na wodi imejaa."

"Na huyo mama?"

"Alikuwa amejifungua jioni. Kondo la nyuma lilitoka zima. Presha 110 kwa 70. Kwenye karatasi, kila kitu sawa."

"Nini basi kilikurudisha kwake?"

"Aah, nilijua tu, mwalimu."

"Ulikuwa wapi ulipojua?"

"Nilikuwa napita na trei ya dawa. Akaniomba maji, nikampa. Niliporudi akaomba tena. Halafu akapiga miayo, mara mbili, tatu, na anahangaika na shuka. Nikamshika mguu. Baridi."

"Ukafanya nini kwanza?"

"Nilifunua. Pedi haikutisha. Nikamgeuza ubavu, ndipo nikaona damu imejikusanya chini ya mgongo, kwenye shuka la mpira. Nikashika tumbo: mji wa mimba laini, umepanda juu ya kitovu, umesukumwa upande. Hakuwa amekojoa tangu jioni."

Tazama kilichopatikana. Kiu, miayo, kuhangaika, mguu wa baridi, vyote hivyo wakati presha bado ni nzuri. Mwili wa mama kijana hujikaza. Mapigo hupanda mapema na presha hushuka baadaye, kwa hiyo mwanafunzi anayengoja presha ishuke amechelewa. Kuna na kibofu kilichojaa, kinachouzuia mji wa mimba kukaza. Na kuna jambo ambalo halimo katika karatasi nyingi za mazoezi: mgeuze ubavu, kwa sababu damu hufuata mteremko wa godoro. Hayo yote yalikuwa yamejificha nyuma ya maneno mawili, "nilijua tu."

Swali la mwisho la kila mahojiano liwe hili: "Sista, ni mara gani ulidhani umeona shida, kumbe haipo?" Wengine watacheka, wengine watanuna kidogo. Jibu lake linakuonyesha mipaka ya jicho lake, na wanafunzi wanahitaji kuijua mipaka hiyo.

Ukitaka kurekodi sauti, omba ruhusa kwanza. Na mkumbushe asitaje jina la mgonjwa. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, habari za afya ya mtu ni data nyeti, na Nairobi ni ndogo kuliko inavyoonekana: ukisema mtaa, mwaka na mapacha, kuna mtu darasani atamjua huyo mama. Badilisha umri, mtaa na idadi ya watoto wakati wa kuandika.

5. Chekecha

Si kila la zamani ni dhahabu, na mwalimu anayeogopa kumsahihisha mzee atawadhuru wagonjwa. Kaa na mwongozo wa sasa wa Wizara ya Afya na wa Shirika la Afya Duniani, upitie alichosema mstari kwa mstari. Yapo yaliyopitwa na wakati kabisa: kumnyoa mama na kumsafisha tumbo kwa maji ya sabuni kabla ya kujifungua, kumkata kila mama anayezaa mara ya kwanza ili kumwongezea njia, kama utaratibu wa kawaida, kurudisha kifuniko cha sindano iliyotumika.

Lakini usitupe haraka. Chukua mfano wa kusugua mgongo kwa spiriti. Wauguzi wa zamani walifundishwa kuwasugua wagonjwa wasioweza kujigeuza, mgongoni na kwenye visigino, ili wasipate vidonda vya kulala. Leo haturuhusu: kusugua ngozi juu ya mfupa kunaweza kuiumiza zaidi, na spiriti huikausha. Ila jiulize ule utaratibu ulimlazimisha muuguzi kufanya nini. Ulimlazimisha kumgeuza mgonjwa, kumfunua, na kuitazama ngozi yake kwa macho, sehemu kwa sehemu, mchana na usiku. Tumeondoa spiriti, sawa. Katika wodi fulani fulani tumeondoa na kule kutazama, tukabaki na alama ya vema kwenye chati inayosema mgonjwa amegeuzwa. Kwa hiyo somo linaandikwa hivi: spiriti hapana, kugeuza ndiyo, na kutazama ngozi ndiyo, huku ukitaja rangi yake kwa sauti.

Kuna pia mahali ambapo jicho kongwe lenyewe halitoshi. Kukadiria damu iliyopotea ni mojawapo. Macho ya binadamu, hata ya mkunga wa miaka mingi, hupunguza kiasi, hasa damu ikiwa nyingi. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ambako akina mama waliwekewa shuka la plastiki lenye mfuko wa kukusanyia damu na alama za mililita, kisha matibabu yote yakaanzishwa kwa pamoja mara tu dalili ilipoonekana. Matokeo mabaya ya kuvuja damu sana yalipungua kwa asilimia 60. Mweleze Sista wako matokeo hayo. Wengi hawaudhiki, wanauliza mfuko huo unapatikana wapi.

La mwisho katika kuchekecha ni gumu kulisema. Katika utafiti uliochapishwa 2015 kutoka vituo 13 vya afya nchini, mama mmoja kati ya watano alieleza kuwa alidharauliwa au kunyanyaswa alipokuwa akijifungua. Baadhi ya ukali huo ulirithishwa, kutoka kwa sista hadi kwa mwanafunzi, kwa jina la nidhamu. Mstaafu akisimulia kwa kujivunia jinsi alivyomchapa mama paja ili asukume, kata kisa hicho. Usiingie naye mabishano. Muulize tu ni mkunga gani wa enzi zake ambaye akina mama walimpenda, na huyo alisema maneno gani. Mara nyingi utapata sentensi za kufundishia, tena kwa Kiswahili safi ambacho mwanafunzi anaweza kukitumia kesho yake pale hospitali ya uzazi ya Pumwani.

6. Geuza kisa kiwe uamuzi

Usiwasomee wanafunzi kisa kizima. Kikate vipande na usimame pale Sista alipolazimika kuamua. Wape karatasi ya kwanza: mama amejifungua jioni, presha 110 kwa 70, wauguzi wawili, wodi imejaa, ameomba maji mara mbili. Waulize kila mmoja aandike atafanya nini sasa hivi na kwa nini. Dakika tatu, kimya. Kisha karatasi ya pili, yenye miayo na mguu wa baridi. Kisha ya tatu.

Sista akae nyuma mpaka wamalize, na hili ndilo litakalomtesa zaidi, maana mdomo utamwasha. Wakishamaliza, aulize yeye: "Nani alimgeuza?" Darasani kwako wataweza kuwa wawili, au hayupo. Hapo sasa ndipo asimulie.

7. Dripu, kwa saa ya kifuani

Hili liendeshwe na Sista mwenyewe katika chumba cha mazoezi, na halihitaji maandalizi. Toa chupa ya lita moja na mpira wake wa kawaida wa matone 20 kwa mililita. Agizo ni lita moja kwa saa nane. Mililita 1000 mara 20, ni matone 20,000. Gawanya kwa dakika 480, unapata kama 42 kwa dakika. Hayo vitabu vyote vinayo. Ambalo mkongwe ataongeza ni namna ya kulifanya ukiwa na wagonjwa thelathini: robo ya dakika inatosha, matone 10 au 11 ndani ya sekunde 15, saa ikiwa imeinuliwa karibu na kile chumba cha matone ili jicho lisihame. Kisha anakaza, anasubiri, anahesabu tena. Halafu anabandika plasta ndefu ubavuni mwa chupa na kuandika juu yake saa: maji yanapaswa kufika hapa saa nne, hapa saa sita. Anayepita na tochi usiku anaona kwa kutupa jicho kama dripu imekwama au imekimbia.

Waache wanafunzi wafanye mpaka mikono ielewe. Umeme ukipotea au mashine ikiharibika, ndicho watakachobaki nacho. Kwa mtoto mchanga tumieni mpira mdogo wa matone 60 kwa mililita, ambao hesabu yake ni rahisi zaidi: mililita kwa saa ndiyo matone kwa dakika.

8. Mpeleke kwenye makabidhiano ya zamu

Kama hospitali imeruhusu, msimamishe Sista kando asubuhi moja asikilize wanafunzi wakikabidhiana wagonjwa wa mfano au wa kweli, bila yeye kugusa mtu wala faili. Mpe ruhusa ya swali moja tu kwa kila mgonjwa. Moja linatosha kabisa. "Alilala?" "Nani alimtembelea?" "Chakula cha jana usiku kilirudi kizima?" Haya hayamo kwenye fomu, na mwanafunzi akishaulizwa mara mbili ataanza kuyatafuta kabla ya kuulizwa.

9. Pima, kisha uandike

Baada ya wiki kadhaa, rudisha kisa kile kile kikiwa kimevaa nguo nyingine: mgonjwa wa upasuaji wa tumbo badala ya mama aliyejifungua, kuvuja kwa ndani, presha nzuri, kiu, mguu wa baridi. Wakitambua, somo limeingia. Wakikariri habari ya kibofu na mji wa mimba, walikariri hadithi tu, na inabidi ubadilishe karatasi zako.

Andika somo katika kurasa mbili zisizozidi: kisa, pale pa kuamulia, alichoona Sista, mwongozo wa sasa unasemaje, na tarehe. Tarehe ni muhimu, kwa sababu mwongozo ukibadilika mtu atakayekurithi lazima ajue ni lini ulikagua. Weka jina la Sista juu ya ukurasa ikiwa amekubali, na umpelekee nakala iliyochapishwa, maana faili ya simu hataifungua. Utakapompigia kumuuliza kama imefika, muulize pia nani mwingine aliyekuwa naye zamu miaka ile na bado yuko Nairobi.